Zawadi Ambayo Mgeni Haleti

Wiki ile mji mzima ulikuwa unataka vikombe vya kahawa.

"Nipe ile seti yenye maua ya bluu," alisema Mjomba Stergios, akauweka mkono wake mpana juu ya kaunta kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayetaka kumwahi. "Kesho padri anabariki nyumba ya Zisis wetu. Mimi ni mjomba wake, siwezi kwenda mikono mitupu."

Moyo wa Vaia uliruka. Uliruka kila jina lile lilipotajwa dukani, na wiki ile lilikuwa linatajwa kila mlango ulipofunguliwa. Aliishusha seti kutoka kwenye rafu, akaipangusa vumbi, akaishika kifuani bila kuiweka chini.

"Mjomba, vikombe keshapata."

"Keshapata vingapi?"

"Vya kumnywesha kahawa askofu na mapadri wake wote, na bado vikabaki vya kuvunja."

Mzee alikuna kidevu. "Basi ile saa. Ile yenye ndege anayetoka kuimba."

"Mtu amejenga nyumba kwa mikono yake, mgongo unamuuma, wewe unampelekea ndege wa kumwamsha?"

"Ee Mama wa Mungu! Sasa nimpelekee nini? Sufuria?"

"Mpelekee ngazi."

"Ngazi? Mimi ni mjomba au mpaka rangi?"

"Ngazi ya kukunja, ile pale mlangoni." Sauti ya Vaia ilikuwa imeshuka, na macho yake yalikuwa yametoka dukani, yamekwenda mahali pengine. "Kile kimlango cha darini kiko juu sana, pale karibu na jiko la kuni, na chini yake hakuna pa kukanyaga. Baridi ikiingia atataka kuweka kokwa za jozi na vitunguu huko juu. Atapanda juu ya nini? Juu ya kiti? Ataanguka, mjomba."

Mjomba Stergios alimtazama kwa muda. "Na wewe umejuaje kuna kimlango?"

Vaia akainama kutafuta utepe chini ya kaunta, akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nyumba nyingi zina kimlango."

"Yangu haina."

"Basi vitunguu vyako unaweka wapi?"

"Chini ya kitanda," alisema mzee, "na ndiyo maana mke wangu analala na dada yake."

Aliondoka na ngazi begani, utepe mwekundu ukipepea nyuma kama mkia, akivuka daraja na kuwasalimia watu pande zote mbili kwa fahari ya mtu aliyebuni jambo mwenyewe. Vaia alimtazama kupitia kioo mpaka ukungu wa mtoni ulipommeza. Kisha, kama alivyofanya kila zawadi ilipotoka, alifumba macho na kuisindikiza.

Aliiona ngazi ikipita kizingiti. Aliiona ikisimamishwa pale kwenye kona. Akatembea mwenyewe ndani ya nyumba ile, mguu peku kwenye mbao mpya, akapita mapazia ya rangi ya asali aliyomchagulia mama wa ubatizo wa Zisis, akaigusa kamba ya kuanikia aliyoifunga kwenye karatasi kwa ajili ya majirani, akafika jikoni ambako ndoano zilikuwa zinasubiri taulo. Nje ya dirisha kulikuwa na mlima, na juu ya mlima theluji ya kwanza. Mtu alikuwa amesimama nyuma yake. Hakugeuka kumtazama. Ndotoni hakuwa anageuka, kwa sababu akigeuka mtu yule huondoka.

"Unajenga kiota, mtoto, halafu ndege atakayelala humo ni mwingine."

Vaia akafumbua macho. Mama yake mdogo, Polixeni, mwenye duka, alikuwa amesimama mlango wa stoo na kikombe cha kahawa, slipa miguuni, miwani juu ya nywele.

"Nauza tu, mama mdogo."

"Unauza! Juzi mapazia. Jana blanketi, si lile la bei, lile la joto. Yule binamu wa Zisis alikuja anataka bata mzinga wa kioo, akatoka na pipa la kuni. Watu wanafikiri wana akili, kumbe akili ni yako." Polixeni akanywa kahawa. "Wanasema Mama Asimina amempatia mwanawe mchumba huko mjini Larisa. Mpwa wa mwenye duka la dawa. Mweupe, mnene kiasi, hasemi sana."

"Nimesikia."

"Na bado unampimia mapazia?"

Vaia angejibu nini? Kwamba nyumba ile aliijua kabla haijawa na ukuta? Mwaka juzi, wakati wa maua ya mlozi, Zisis alimpeleka kwenye kiwanja kitupu, akachukua ndoo ya chokaa na kumchorea vyumba juu ya nyasi. Hapa tutakula. Hapa utakaa ukiwa umenikasirikia. Walikaa ndani ya mistari ile myeupe mpaka jua likazama, wakipitisha mkate kutoka jikoni kwenda sebuleni, wakicheka kila mmoja aliposahau na kupita ukutani. Ukuta halisi ulipoanza kupanda, kila Jumapili alimpelekea pai ya jibini, akakaa juu ya rundo la mawe na kumtazama akijenga. Na siku ile ya madirisha ya mbele, Zisis alikuwa anamtazama yeye badala ya kutazama kamba ya kupimia, mpaka leo dirisha moja ni pana kuliko mwenzake kwa kiganja kizima.

Halafu ikaja Pasaka.

Pasaka hiyo Zisis alimpeleka kwa mama yake, aonwe na ukoo. Uani mwanakondoo alikuwa anazungushwa juu ya makaa tangu alfajiri, mayai mekundu yamejaa mezani, moshi, watoto, wajomba wanaimba. Vaia alipewa kazi ya kukata mkate, akaishika kwa furaha. Mama Asimina akaja nyuma yake. "Kisu hicho, binti." Dakika hiyohiyo Zisis aliinua uso kutoka kwenye moto, uso mweusi kwa masizi, akamchekea. Akamchekea yeye peke yake kati ya watu wote wale. Na Vaia, macho yako kule, moyo uko kule, alinyoosha mkono nyuma na kumtia mama yule kisu kiganjani.

Wajomba wakaacha kuimba.

Hata mtoto anayetambaa anajua. Kisu unakiweka mezani, mwenzako anakiokota mwenyewe. Ukimtia mkononi umemtia ugomvi, na ugomvi huo hauondoki.

Mama Asimina alikiachia kisu kikaanguka kwenye mawe. Akatema mate kifuani mwake kufukuza mkosi, ftu, ftu, ftu. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu mwanzo. Mama yake alitoka kwa mumewe asubuhi moja na sanduku, akaenda Ujerumani, hata mtoto hakumuaga. Na huyu anaanza na kisu. Wanawake wa nyumba ile wanavunja nyumba, hawazijengi."

Vaia alimtazama Zisis. Alimngoja aseme neno. Neno lolote, hata la kijinga, hata utani. Zisis alitazama makaa. Akaushika mti aliotungikwa mwanakondoo na kuuzungusha, pole pole, kana kwamba nyama ndiyo iliyokuwa na haraka.

Vaia akachukua kitambaa chake cha kichwa na kuondoka. Zisis alikuja mlangoni kesho yake, na kesho kutwa, na Vaia hakufungua. Baadaye hakuja tena.

"Funga duka saa yako ikifika," alisema Polixeni akirudi stoo, na sauti yake sasa ilikuwa laini. "Na usiote umesimama. Utaanguka."

Mvua ilianza, nyepesi, ya kuparaza tu. Taa za darajani ziliwaka na kuyeyuka majini. Vaia alikuwa anageuza kile kibao cha mlangoni upande wa kufungwa pale kivuli kilipojaa kioo, na kengele ikalia.

Alikuwa Mama Asimina.

Amevaa nyeusi kama kawaida, tangu mumewe afe. Mwavuli mdogo, viatu vimelowa. Alisimama juu ya mkeka wa mlangoni, akajipangusa miguu kwa muda mrefu, mrefu mno.

"Jioni njema," alisema.

"Jioni njema, mama. Karibu."

"Mama yako mdogo yupo?"

"Yuko ndani. Nimwite?"

Mwanamke yule alitazama mlango wa stoo, akatazama rafu, akatazama kila kitu isipokuwa uso wa Vaia. "Usimsumbue." Kisha, kama mtu anayeng'olewa jino: "Nataka kisu. Cha mkate."

Vaia hakuamini masikio yake.

"Kesho padri akishabariki, lazima mkate ukatwe mezani," alisema Mama Asimina haraka haraka, akijitetea kana kwamba ameshutumiwa. "Nimefungua maboksi yote leo. Vikombe! Vikombe, vikombe, Mungu wangu, mji huu umeingiwa na wazimu. Sufuria ipo. Ungo upo. Kila kitu kipo. Kisu hakuna."

"Hakuna mgeni anayepeleka kisu, mama."

"Najua hakuna mgeni anayepeleka kisu!" Akashusha sauti. "Kwa hiyo nimekuja mwenyewe."

Vaia alikwenda kwenye droo ya visu. Miguu yake ilikuwa nyepesi kama ya mtu anayetembea usingizini. Alitandika kitambaa cheupe juu ya kaunta. Akatoa kisu kimoja, akakilaza. Akatoa cha pili, akakilaza. Cha tatu. Kila alipokilaza kimoja alirudisha mikono yake nyuma, akaifungamanisha mgongoni, akarudi nyuma hatua moja.

Mama Asimina aliiona ile mikono mgongoni. Uso wake ulitikisika kidogo.

"Kipi kizuri?"

"Kile cha mpini wa mzeituni. Mkate wa kijijini una ganda gumu, vile vyembamba vinapinda. Na Zisis..." Alisimama. Jina lilikuwa limetoka lenyewe, na sasa lilikuwa limekaa pale kaunta kati yao kama paka. "Mwenye nyumba anatumia mkono wa kushoto. Meno ya kile cha chuma yamechongwa upande mmoja. Kingemtesa."

Mama Asimina hakukiokota.

"Stergios amekuja na ngazi leo," alisema. "Akasema ameifikiria mwenyewe. Stergios! Mtu aliyeniletea kobe wa plasta siku ya harusi yangu. Tukaisimamisha chini ya kimlango. Imefika sawasawa." Akavuta pumzi. "Mapazia nayo. Mama wa ubatizo wa mwanangu haoni vizuri, na hajawahi kukanyaga nyumba ile. Yale madirisha mawili hayalingani, na pazia moja ni pana kuliko jingine. Nimeyatundika mwenyewe. Yamekaa kama yamezaliwa pale."

Vaia aliangalia kitambaa cheupe.

"Nilipoona dirisha lile nilimuuliza mwanangu. Nikamwambia, wewe ni fundi, baba yako alikuwa fundi, hujawahi kukosea dirisha hata la banda la kuku. Akaniambia kamba iliteleza."

"Haikuteleza, mama."

Maneno yalitoka kimya kimya, na Vaia aliona haya mpaka masikioni. Mama Asimina, kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama usoni. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu kabla ya kukinunua. Na Vaia, ambaye kazi yake miaka yote ilikuwa kuwatazama watu wakichagua, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona uani ule wa Pasaka: mwanamke yule alikuwa anaogopa.

"Unajua nina mtoto mmoja tu," alisema Mama Asimina.

"Najua."

"Mama yako nilimjua. Tulicheza ngoma pamoja. Alikuwa anacheka kuliko sisi wote, na siku ile baba yako alipokuja kuniuliza kama nimemwona, alikuwa amekubeba wewe, umevaa kiatu kimoja." Akakunja kona ya kitambaa cheupe. "Nilisema, mwanangu asije akasimama mlangoni kwa watu na mtoto mwenye kiatu kimoja. Nilisema hivyo kabla hata ya kisu. Kisu kilinipa sababu tu."

Mvua iliparaza kioo. Vaia alijisikia kama yuko chini ya maji, mahali ambapo kila kitu kinakwenda polepole na kinaonekana wazi.

"Mama," alisema, "mtoto mwenye kiatu kimoja ni mimi. Mimi ndiye niliyebaki. Unadhani naweza kumfanyia mtu mwingine jambo lile?"

"Pasaka uliondoka."

"Niliondoka kwa sababu hakuna aliyeniambia nibaki."

Kengele ya mlangoni ililia.

"Mama, gari liko darajani, nimekutafuta mpaka kwa..." Zisis aliingia akiwa ameinamisha kichwa kukwepa mvua, akakiinua, na sentensi ikamfia mdomoni.

Alikuwa amekonda. Vumbi la chokaa lilikuwa bado kwenye nyusi zake, mvua ilikuwa imelitia njia nyeupe mpaka shavuni. Vaia alitaka kunyoosha mkono alipanguse, na mkono, uliofungwa mgongoni, ulimuuma kwa kujizuia. Walitazamana. Ilikuwa kama mtu anaporudi kwenye chumba alicholala utotoni na kukuta kitanda bado kiko palepale.

"Vaia," alisema.

"Habari za jioni, Zisis."

"Ngazi ni wewe."

"Ni mjomba wako."

"Na kamba. Na lile pipa la kuni. Na mapazia." Alisogea, maji yakimdondoka kwenye sakafu safi. "Leo mchana nilikaa katikati ya maboksi nikaanza kucheka peke yangu. Kila nilichofungua kilikuwa na mahali pake. Nikasema, kuna mtu anakaa ndani ya nyumba hii, anaijua kuliko mimi. Nikasema, ni wewe, kisha nikajiambia acha kuota."

"Zisis," alisema mama yake.

"Subiri, mama. Nikinyamaza tena leo sitasema maisha yangu yote." Alipumua kama mtu aliyepanda mlima. "Pasaka nilitazama makaa. Niliona aibu, na niliogopa, na nilijiambia nitasema kesho. Kesho mlango ulikuwa umefungwa. Ulikuwa sahihi kuufunga. Mtu anayemwacha mwenzake amesimama peke yake mbele ya watu hastahili kufunguliwa."

"Walisema una mchumba Larisa," alisema Vaia. Hakutaka kusema. Lilikuwa limekaa kooni siku zote zile.

"Mimi? Nani?"

"Mpwa wa mwenye duka la dawa," ilisema sauti ya Polixeni kutoka stoo, ambako mlango, ikaonekana, haukuwa umefungwa hata kidogo. "Mweupe. Hasemi sana."

"Hakuna Larisa," alisema Zisis, akamgeukia mama yake. "Mwambie."

Mama Asimina alichezea kipini cha mwavuli. "Nilimtaja tu. Kwa mwanamke mmoja. Kanisani."

"Kanisani!" alisema Polixeni. "Ungepiga kengele ingekuwa siri zaidi."

Vaia alitamani kucheka na alitamani kulia. Hakufanya lolote. Alisimama tu nyuma ya kaunta, nyuma ya visu vyake vitatu, akisubiri, kwa sababu kusubiri alikuwa anakujua. Lakini safari hii alikuwa anajua vizuri anasubiri nini. Hakutaka msamaha wa mlangoni. Alitaka aambiwe mbele ya watu, kama alivyonyamaziwa mbele ya watu.

Zisis aliona. Alitazama kitambaa cheupe, akatazama vile visu, akatazama mikono ya Vaia iliyojificha mgongoni. Akaelewa.

Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akakiokota kile cha mpini wa mzeituni.

"Nipe mkono," alisema.

"Zisis, la!" Mama Asimina alishika kifua. "Kiweke chini! Kiweke mezani achukue mwenyewe!"

"Nipe mkono, Vaia."

Vaia alitoa mkono kutoka mgongoni. Zisis akakigeuza kisu, akaushika ubavu wa chuma kwa uangalifu, na mpini akauweka katikati ya kiganja cha Vaia. Mkono kwa mkono. Kisha akavifunika vidole vya Vaia kwa vyake.

"Haya," alisema. "Tugombane. Nataka tugombane mimi na wewe ndani ya nyumba ile mpaka tuzeeke. Gombana nami juu ya chumvi. Gombana nami juu ya viatu vyangu sebuleni. Pale nilipokuchorea ukae ukiwa umenikasirikia, pana benchi sasa, nimelichonga mwenyewe, na hakuna aliyelikalia. Nyumba iko kimya, Vaia. Ina vikombe vya mji mzima, na iko kimya."

Ndotoni hakuwa anageuka. Sasa hapakuwa na haja ya kugeuka. Zisis alikuwa pale, na hakuwa anaondoka. Chokaa ya shavuni mwake ilikuwa karibu kiasi kwamba Vaia aliinua mkono mwingine na kuipangusa kwa kidole gumba, polepole, kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni.

"Viatu sebuleni sitakubali," alisema.

"Umeona? Tumeshaanza."

Nyuma yao Mama Asimina alikuwa anatema mate kifuani, ftu, ftu, ftu, anafanya ishara ya msalaba, anatema tena. Halafu akaacha. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, mwavuli magotini.

"Mimi na marehemu," alisema mwishowe, kama anamwambia mwavuli, "tuligombana kila siku aliyotupa Mungu. Juu ya mbuzi. Juu ya dada yake. Alinirushia kiatu, nikamrushia mkate wa moto. Majirani walikuwa wanatoa viti nje watusikilize." Akapangusa pua. "Na siku aliyokufa nilikaa mezani jioni, nikasema supu imepoa, na hakuna aliyenijibu."

"Mama," alisema Zisis.

"Nyamaza, naongea." Aliinuka. Alikuja mpaka kwenye kaunta, mfupi, mweusi, amelowa. Alimtazama Vaia na kisu mkononi. Vaia alifanya haraka kukiweka kwenye kitambaa, kama inavyotakiwa, mpini upande wa yule mama, na kusogea nyuma.

Mama Asimina hakukigusa. Alinyoosha kiganja chake, wazi, juu ya kaunta.

"Si hapo," alisema. "Nipe mkononi."

Polixeni alitoka stoo na slipa zake, akasimama mdomo wazi.

"Mama, una hakika?" aliuliza Zisis.

"Mkwe asiyegombana nami nitamfanya nini? Nimweke kabatini pamoja na vikombe? Nipe, binti yangu. Mkono umechoka."

Vaia alikiokota kisu. Safari hii hakutazama makaa wala moto wala mtu mwingine yeyote. Alimtazama yule mama machoni, na akakiweka kile kisu kiganjani mwake, mpini kwanza, na vidole vya kizee vikajifunga, na vya Vaia vikabaki juu yake kidogo.

"Kesho uje mapema," alisema Mama Asimina, akikifunga kisu kwenye kitambaa chake mwenyewe cha kichwa. "Kabla ya padri. Komamanga la kupasua kizingitini kwa bahati ya nyumba litakuwa mkononi mwangu, na sitaki kumpa mtoto wa jirani. Utalipasua wewe. Uingie kwa mguu wa kulia." Alifika mlangoni, akasimama, akageuka na uso mkali kama ule wa Pasaka. "Na yale mapazia ya rangi ya asali. Mimi ningechagua kijani."

Vaia alimtazama Zisis, aliyekuwa anajiuma mdomo asicheke.

"Kijani, mama," alisema Vaia, "kingekifanya chumba kiwe giza."

Mama Asimina alifungua mwavuli ndani ya duka, jambo ambalo nalo huleta mkosi.

"Tutaona," alisema, na alikuwa anatabasamu alipotoka nje kwenye mvua.